Kiungo Kilichokufa na Haki ya Msomaji

Anayesoma makala ya zamani mtandaoni na kubonyeza kiungo kilichomo, mara nyingi hukutana na namba 404: ukurasa haupatikani. Mwaka 2014 watafiti wa Chuo Kikuu cha Harvard walionyesha kwamba karibu nusu ya viungo vilivyomo katika hukumu za Mahakama ya Juu ya Marekani havikumfikisha tena msomaji kwenye maandishi yaliyorejelewa. Ikiwa hukumu zimepatwa na hayo, sembuse makala za kawaida?

Viungo hufa kwa sababu tovuti huhama au hubadili jina. Vatican News ilipoanza mwishoni mwa 2017, kwa mfano, anwani za Redio Vatikani zilizozoeleka ziliachwa. Wengine hushindwa kulipia jina la tovuti, likanunuliwa na mtu mwingine. Hao ndio wa kuogopwa zaidi: kiungo kinafunguka vizuri kabisa, ila badala ya katekesi unaona matangazo ya kamari.

Sisi tunaosoma falsafa tumezoea kudai ushahidi wa kila hoja, na kiungo ni ushahidi. Kwa hiyo kukitengeneza si kutafuta tu ukurasa wowote unaofunguka. Tunaanza kwa kutafuta kichwa cha maandishi yale ndani ya alama za kunukuu. Tukikipata, tunasoma kifungu chenyewe, kwa maana ukurasa uliohaririwa baadaye huenda hausemi tena kile mwandishi alichokiona.

Kisipopatikana, tunaenda Internet Archive, hifadhi iliyoanzishwa mwaka 1996. Huko kuna Wayback Machine: unabandika anwani ya zamani, inakuonyesha kalenda ya nakala zilizohifadhiwa. Chagua nakala iliyo karibu na siku makala ilipoandikwa, si ile mpya kuliko zote. Kamusi elezo ya falsafa ya Stanford huwarahisishia watu kazi hii, kwani huhifadhi toleo lisilobadilika kila baada ya miezi mitatu.

Na pasipo na nakala yoyote? Maneno ya mwandishi yabaki kama yalivyo, kiungo kiondolewe, na iandikwe kwenye mabano kwamba chanzo hakipatikani, pamoja na tarehe ya kukitafuta. Kuweka chanzo kingine kinachofanana ni kumsemesha mwandishi asiyoyasema, na wengi wao wamekwisha kufariki, hawawezi kutukanusha.

Kwa makala mpya tunahifadhi nakala ya kila ukurasa tunaoutaja katika Wayback Machine kabla ya kuchapisha. Kwa kawaida haichukui hata dakika tano.