Je, Wajua? Mbolea Isiyomtisha Panya Humuua Ng'ombe

Je, wajua kwamba kwa panya, urea ni sumu hafifu kuliko chumvi ya mezani? Katika majaribio ya maabara, takribani gramu 3 za chumvi kwa kila kilo ya uzito wa mwili zinatosha kuua nusu ya panya waliolishwa. Urea, ile mbolea nyeupe ya chengachenga tunayokuzia mahindi, huhitaji zaidi ya gramu 8. Ukisoma hesabu hiyo peke yake, utadhani mfuko ulioegemezwa ukutani karibu na zizi hauna madhara kwa kiumbe yeyote.

Sasa mgeukie ng'ombe. Gramu 1 hadi 1.5 kwa kila kilo ya uzito wake kwa kawaida humuua. Kwa ng'ombe wa kilo 300, hizo ni gramu 300 hadi 450, chini ya nusu kilo kutoka kwenye mfuko wa kilo 50. Asiyeizoea anaweza kudhurika hata kwa gramu 90.

Kipimo kile tulichokitaja kwa panya, cha kuua nusu ya wanyama, huitwa LD50, na kilipendekezwa mwaka 1927 na Mwingereza J. W. Trevan. Wanyama wa maabara hupewa dozi mara moja, kisha hufuatiliwa kwa siku 14: nani ametetemeka, nani amepungua uzito, nani amekufa. Zamani jaribio moja liliteketeza makumi ya wanyama. Mwaka 2002 Shirika la Ushirikiano wa Kiuchumi na Maendeleo (OECD) liliufuta mwongozo wake wa jaribio hilo la zamani, na leo zipo njia zinazotumia wanyama wachache zaidi. Mojawapo hutafuta dalili za wazi za sumu badala ya kungoja vifo. Hayo ni maendeleo ya kupongezwa. Hata hivyo, namba ya panya hubaki kuwa ya panya.

Tofauti kati ya panya na ng'ombe iko tumboni. Mwili wa panya, kama wetu, hutengeneza urea kwenye ini kila siku na kuitoa kwa mkojo. Akila nyingine, kiasi kikubwa hupita njia hiyohiyo. Ng'ombe, mbuzi na kondoo hucheua, na tumbo lao la kwanza limejaa bakteria wenye kimeng'enya kinachovunja urea upesi kuwa amonia. Amonia kidogo ni neema: bakteria huitumia kujenga protini, na mnyama huifaidi protini hiyo baadaye. Ikizidi, tumbo hupoteza uchachu wake, na amonia hubadilika na kuwa katika hali inayopenya kirahisi kwenye damu. Ini hujitahidi kuigeuza tena kuwa urea, lakini huzidiwa. Hapo amonia hufika kwenye ubongo.

Yote hayo huenda haraka. Kati ya dakika 20 na 60 ng'ombe huanza kutetemeka, kutoa povu mdomoni, kuhema kwa shida na kuvimba tumbo. Hufuata degedege, kisha kifo. Mwite daktari wa mifugo mara moja. Tiba inayojulikana ni kumnywesha maji mengi ya baridi pamoja na siki, lita kadhaa kwa ng'ombe mkubwa. Baridi hupunguza kasi ya kimeng'enya, na siki huurudisha uchachu wa tumbo. Mnyama aliyeanza degedege asinyweshwe kwa chupa, maana maji yataingia kwenye mapafu. Kazi hiyo ni ya daktari na mpira wake wa kufikisha maji tumboni.

Urea si adui wa mfugaji. Ikichanganywa vizuri na molasi, au ikitumiwa kulainisha mabua na majani makavu ya mpunga, huwasaidia ng'ombe kuvuka kiangazi. Masharti yake yanajulikana: isizidi asilimia 1 ya chakula chote kikavu, ichanganywe sawasawa pasipo mabonge, ianzishwe kidogo kidogo kwa wiki kadhaa, na mnyama apate pia chakula cha wanga, kama pumba au molasi, ili bakteria wapate nguvu ya kuitumia amonia. Mwenye njaa kali asipewe kabisa, wala isiyeyushwe kwenye maji ya kunywa.

Vifo vingi hutokana na uzembe mdogo: mfuko uliotoboka, mbolea iliyomwagika njiani, gunia la urea lililosuuzwa kwenye hori la maji, au vipimo vya kukisia kwa mkono. Basi, mfugaji, hifadhi mbolea mbali na zizi, fukia au zoa kila inapomwagika, na pima kwa mizani. Na ukiambiwa kwamba kitu fulani si sumu, uliza kwanza: kimepimwa kwa mnyama gani?