Ladakh, Nchi Isiyotaka Haraka

Likizo ya Desemba iliyopita nusura niwe mtu wa kusimuliwa tu.

Wanaonijua wamekwisha kukisikia kisa changu cha Mlima Kenya, maana nimetaniwa nacho tangu muhula ufunguliwe. Kwa wale wasiokijua, ni hivi. Tulikuwa vijana sita tuliojaa pupa. Usiku wa kwanza tulilala Met Station, mita 3,050 juu ya usawa wa bahari. Kesho yake tukapanda moja kwa moja hadi Mackinder's, mita 4,200, tena kwa mashindano ya nani atafika kwanza. Mimi ndimi niliyefika kwanza! Ilipogonga saa tatu usiku, kichwa kilikuwa kikipigwa nyundo, nimetapika mara mbili, na nilipojaribu kusimama niliyumba kama mlevi wa chang'aa. Baba mdogo, ambaye amekuwa mpagazi katika mlima huo kwa miaka mingi, hakutaka maelezo. Alichukua tochi, akanishika mkono, akaniteremsha usiku ule ule. Tulipoingia Met Station alfajiri kichwa kilikuwa kimenyamaza, na hakuwa amenipa hata kidonge kimoja. Kumbe dawa ilikuwa kushuka.

Niliporudi nyumbani swali moja halikunipa raha. Je, kuna binadamu wanaozaliwa, wanaolima na kusali katika vimo kama hivyo ambako mimi nilishindwa kulala usiku mmoja? Nilimpelekea mwalimu wetu wa Jiografia swali hilo. Alifungua atlasi, akaweka kidole kaskazini kabisa mwa India, akasema, "Anzia hapa." Palikuwa pameandikwa Ladakh. Tangu siku hiyo nimesoma kila nilichokipata, vitabuni na kwenye intaneti. Sijafika huko, msije mkanidai zawadi, lakini nimeijua kiasi cha kuwaeleza jinsi mgeni anavyoitembelea na kurudi salama.

Ladakh imebanwa katikati ya milima ya Himalaya upande wa kusini na Karakoram upande wa kaskazini. Mto Indus unapita humo ukielekea Pakistan. Hapo zamani ilikuwa ufalme unaojitegemea. Siku hizi ni eneo linalotawaliwa na serikali kuu ya India, tangu lilipotengwa na Jammu na Kashmir mwaka 2019. Watalii walianza kuruhusiwa mwaka 1974. Mji wake mkubwa, Leh, uko kwenye mita 3,500. Hebu fikirieni: watu wanafungua maduka, watoto wanakwenda shule na akina mama wanauza mboga barabarani mahali palipo juu kuliko Met Station!

Nilidhani nchi ya milima na theluji ni lazima iwe ya kijani kibichi kama Nyeri. Wapi! Himalaya huzuia mawingu ya mvua yatokayo kusini, kwa hiyo Leh hupata milimita 100 hivi za mvua kwa mwaka mzima. Hata Lodwar hupata zaidi. Mashamba ya shayiri hunyweshwa maji ya theluji inayoyeyuka, yakiongozwa kwa mifereji. Kwa kuwa nchi haikuzoea mvua, mvua kubwa ni balaa: mnamo Agosti 2010 mafuriko ya usiku mmoja yaliwaua zaidi ya watu 200 mjini Leh na vijiji vya jirani.

Sasa tufike kwenye jambo lenyewe. Wageni wengi huingia Ladakh kwa ndege kutoka Delhi, mji ulio kwenye mita 200 na kitu. Safari huchukua saa moja na dakika chache. Ni kama kumtoa mtu Mombasa na kumtua juu ya Met Station kabla uji wake haujapoa. Akishuka huona anga la buluu, jua kali, milima inang'aa, naye hujisikia mzima kabisa. Hapo ndipo anapojidanganya, kwa sababu ugonjwa wa mwinuko haupigi hodi papo hapo. Hungoja saa kadhaa, aghalabu usiku.

Wengi wetu hudhani kwamba huko juu oksijeni "imeisha". Sivyo. Sehemu ya oksijeni hewani ni ile ile, asilimia 21, uwe Lamu au uwe Lenana. Kinachopungua ni kanieneo ya hewa. Mjini Leh kanieneo ni kama thuluthi mbili ya ile ya pwani, kwa hivyo kila pumzi huleta oksijeni kidogo. Mwili hujitetea: unapumua upesi, moyo unaenda mbio, figo zinarekebisha damu, na baada ya siku kadhaa chembe nyekundu za damu zinaongezeka. Kazi hiyo huchukua siku, haiharakishwi kwa ubishi. Ukiupa mwili muda, utazoea. Ukiukimbiza, kichwa kitauma, hamu ya chakula itatoweka, usingizi utakataa. Ukizidi kupanda na dalili hizo, mapafu yanaweza kujaa maji au ubongo ukavimba, na hayo huua. Tena, jamani, nguvu za kijana hazisaidii kitu. Mchezaji hodari wa kandanda anaweza kuanguka huku babu wa miaka sabini anakunywa chai yake. Kuyumba kwangu kule Mackinder's, nimesoma sasa, ni dalili ya ubongo kuanza kudhurika. Niliposoma hayo nilikaa kimya kitambo kirefu.

Na wenyeji je? Mwaka 2010 wanasayansi walitangaza kwamba Watibeti wamerithi jeni fulani ambayo huwasaidia kuishi juu bila damu yao kuwa nzito kupita kiasi. Waladakh ni ndugu wa Watibeti kwa lugha na kwa nasaba. Swali langu likawa limejibiwa: mababu zao walipewa maelfu ya miaka ya kuzoea, mimi nilijipa siku mbili.

Basi mgeni mwenye akili hukaa Leh siku mbili za kwanza bila kufanya lolote la maana. Hunywa maji mengi, hutembea sokoni polepole, hujifunza kusema "julley", neno moja ambalo ni hujambo, ni kwaheri na pia ni asante. Akijisikia vizuri siku ya pili, hupanda ngazi taratibu hadi kwenye jumba la wafalme la ghorofa tisa, lililojengwa karne ya 17, ambalo linautazama mji kutoka juu.

Siku ya tatu ndiyo ya kwenda kuona monasteri, yaani makao ya watawa wa dini ya Budha, ambayo wenyewe huyaita gompa. Nyingi zimejengwa juu ya vilima na majabali. Ardhi tambarare yenye maji ni chache, nayo ni ya shayiri. Monasteri ya Thiksey imepanda kilima kwa ghorofa kumi na mbili, nyumba nyeupe juu ya nyumba nyeupe, na ndani mna sanamu ya Budha ajaye, Maitreya, yenye urefu wa mita 15 hivi, ambayo imeketi ikichukua ghorofa mbili. Anayetaka kuona maisha yenyewe hufika alfajiri wakati wa sala. Tarumbeta ndefu hulia, ngoma hufuata, na vijana watawa wa umri wetu, na wengine wadogo zaidi, hukaa mistari mistari wakikariri maandiko. Katikati ya sala huletewa chai yenye siagi na chumvi. Ndiyo, chumvi! Pamoja nayo hula unga wa shayiri iliyokaangwa. Nilijaribu kupika chai hiyo nyumbani. Mama alinihurumia akanimwagia.

Hemis, upande wa kusini wa Leh, ni maarufu kwa sikukuu yake ya mwezi wa Juni au Julai, watawa wanapocheza wamevaa barakoa za kutisha. Kila baada ya miaka 12 hufunuliwa hapo picha kubwa mno ya kitambaa iteremkayo ukutani. Alchi ni tofauti kabisa: haiko juu ya mlima, iko chini karibu na Mto Indus, na thamani yake ni michoro ya ukutani ya miaka 800 na zaidi. Humo hairuhusiwi kupiga picha, maana mwanga wa kamera huharibu rangi.

Lakini monasteri inayonivuta mimi ni Phugtal, katika bonde la Zanskar. Imejengwa kwenye mdomo wa pango, ubavuni mwa jabali, kama viota vya mbayuwayu. Kwa karne nyingi iliendewa kwa miguu tu. Msomi mmoja wa Hungaria, Csoma de Kőrös, aliishi humo kati ya mwaka 1825 na 1827 akijifunza Kitibeti, na kamusi yake ya Kitibeti na Kiingereza ilichapishwa Calcutta mwaka 1834. Sisi wa Chama cha Kiswahili tunaolalamika kwamba maktaba ina baridi, tumtafakari huyo.

Kuna adabu za kufuata. Mtu anapokutana na stupa, au ukuta wa mawe yaliyochongwa sala, huupita ukiwa mkono wake wa kulia. Viatu huvuliwa mlangoni mwa ukumbi. Watawa hawapigwi picha bila idhini, kama vile wewe usivyopenda mgeni aingie msikitini au kanisani kwenu akakumulika usoni.

Baada ya hapo mgeni anaweza kupanda zaidi, na hapa Ladakh ina ujanja wake. Barabara ya kwenda bonde la Nubra huvuka kipito kiitwacho Khardung La. Neno "la" ndilo kipito, yaani pengo la kuvukia mlima. Kibao cha hapo kilijigamba kwamba ni mita 5,602 na kwamba ndiyo barabara ya magari ya juu kupita zote duniani. Vipimo vikatoa mita 5,359, na mwaka 2021 barabara nyingine ya Ladakh, Umling La, ikaipita kwa mbali. Hata hivyo Khardung La ni juu kuliko kilele chetu cha Batian chenye mita 5,199! Wageni hushuka garini dakika chache, wakapiga picha, wakateremka Nubra, ambako ni mita 3,100 hivi. Huko wanaona sanamu ya Maitreya ya Diskit yenye mita 32, vichuguu vya mchanga, na ngamia wa nundu mbili waliobaki tangu misafara ya biashara ya Asia ya kati. Wamepanda juu lakini wamelala chini. Mwili haudhuriki.

Ziwa Pangong ni kinyume. Lina urefu wa kilomita 130 na zaidi, sehemu kubwa iko Tibet, maji yake ni ya chumvi na hubadilika rangi kutwa nzima. Sehemu ya mwisho ya filamu ya Kihindi "3 Idiots" ya mwaka 2009 ilipigwa hapo, na tangu wakati huo vijana humiminika. Wengine hutua Leh leo, kesho wako Pangong, na hulala huko huko. Ziwa hilo liko kwenye mita 4,200 na ushei. Mackinder's yenyewe! Nadhani sina haja ya kueleza usiku wao unavyokuwa.

Wanaotembea kwa miguu hupenda bonde la Markha, siku kadhaa za kuvuka mito na kulala katika nyumba za wanavijiji, ndani ya hifadhi ya Hemis yenye chui wa theluji. Kanuni yao ni kwamba ukishapita mita 3,000, usilale zaidi ya mita 500 juu ya ulipolala jana, na kila siku tatu au nne upumzike. Nilichukua kalamu nikaipima safari yetu. Kutoka mita 3,050 hadi mita 4,200 kwa siku moja ni mita 1,150.

Safari ya chama cha wapanda milima ni Agosti. Majina yamebandikwa ubaoni, langu likiwamo. Nimemwomba mwalimu mlezi tulale Met Station usiku wa pili, na tulale mara moja tena njiani kabla ya Mackinder's. Amekubali, ila kila mmoja ataongeza pesa za chakula cha siku mbili, na nasikia kuna wanaonung'unika ati huo ni uoga. Mimi nimekwisha anza kuweka zangu. Anayeniita mwoga na anitafute tuongee, lakini si hapa shuleni. Anitafute Mackinder's, saa tatu usiku.