Kusaga Meno na Kunyonya Kidole kwa Watoto

Katika kaya nyingi za Afrika Mashariki, mtoto anayesikika akisaga meno usiku hudhaniwa kuwa ana minyoo, na kunapokucha hupewa dawa. Dawa hiyo ina faida yake, kwa kuwa minyoo ya tumbo huwasumbua watoto kweli, lakini uhusiano wa minyoo na kusaga meno haujathibitishwa, na mzazi aliyeitegemea dawa hushangaa ule mkwaruzo unaporudi.

Braksizimu, yaani tabia ya kusaga au kukaza meno bila kukusudia, hutokea zaidi usingizi unapopungua kina kwa muda mfupi, misuli ya taya ikakaza na magego ya juu yakasuguana na ya chini. Tabia hii huhusishwa na wasiwasi, usingizi wa kukatikakatika, na kuziba kwa njia ya hewa kutokana na tonsili zilizovimba au nyama za puani. Kwa hiyo mtoto anayesaga meno huku akikoroma na kulala mdomo wazi anastahili kupimwa pua na koo pia. Kwa wengi huisha yenyewe kadiri meno 20 ya utotoni yanavyong'oka na kuota ya ukubwani, hata kama ncha za magego zimelika kidogo.

Kunyonya kidole, ijapokuwa hakumwamshi mtu, ndiko kunakostahili hofu zaidi. Kwa mtoto mchanga ni silika isiyodhuru, lakini akivuka miaka 4 huku akinyonya kwa nguvu, kidole gumba, ambacho mara nyingi huwa kimekunjamana na kuota sugu, huyasukuma meno ya juu ya mbele yakatokeza nje, nayo mashavu hulibana taya la juu hadi kaakaa likawa jembamba. Hapo hubaki uwazi mbele hata magego yakikutana, mtoto akashindwa kukata chapati kwa meno ya mbele na pengine akasema kwa kitembe.

Kumpaka pilipili au shubiri kidoleni ni ukatili usio na tija, kwa sababu pilipili huishia machoni, na anayenyonya kwa wasiwasi huzidishiwa wasiwasi. Kumsifu anapojizuia na kuipa mikono yake shughuli hufaa zaidi. Tabia ikikoma kabla ya meno ya mbele ya ukubwani kuota, kati ya miaka 6 na 8, uwazi huo mara nyingi hujifunga wenyewe. Ikiendelea, huenda zikahitajika waya za kunyooshea meno, ambazo ni matibabu ya muda mrefu na ya gharama kubwa.