Pikipiki ya mizigo: Pima kwanza kabla ya kurefusha nyuma

MSIMU wa korosho unapofika, njia za mashambani wilayani Kibiti hujaa pikipiki zinazopeleka magunia kwenye maghala ya vyama vya msingi. Miezi mingine pikipiki hizo hizo hubeba nazi, machungwa, mihogo, mbao na samaki wanaopandishwa Nyamisati kutoka visiwa vya delta ya Rufiji.

Tatizo linalowakabili waendeshaji wengi ni moja. Mzigo ukiwa mkubwa na njia ikianza kupanda, gurudumu la mbele huwa jepesi. Usukani hauitikii, pikipiki hutangatanga, na mwendeshaji akiongeza mafuta ghafla, sehemu ya mbele huinuka na yeye kuangukia nyuma pamoja na gunia lake.

Dawa mojawapo ni kurefusha swingiamu, yaani ule mkono wa chuma unaoshika gurudumu la nyuma na kuliunganisha na fremu. Ukirefushwa, gurudumu hurudi nyuma na pikipiki hutulia mlimani. Hata hivyo, kazi hiyo ikifanywa bila vipimo, mkulima anaweza kulipa fundi na kubaki na tatizo lile lile, au kupata jingine kubwa zaidi.

Wazo lenyewe si geni Afrika Mashariki. Katika miaka ya 2000, shirika la Worldbike lilibuni baiskeli ndefu iliyopewa jina la Big Boda kwa ajili ya wabebaji wa abiria na mizigo wa magharibi mwa Kenya. Gurudumu la nyuma lilisogezwa nyuma ili mzigo ukae chini, kati ya magurudumu mawili, badala ya kuning'inia nyuma ya ekseli.

Nchini Marekani, wanaoshindana kupanda milima kwa pikipiki za magurudumu manne hurefusha mkono huo kwa sababu hiyo hiyo, ili chombo kisipinduke kinyumenyume. Wanaopita njia nyembamba za msituni, kwa upande wao, huongeza kidogo sana au hawaongezi kabisa, kwa kuwa chombo kirefu hakikati kona vizuri.

Kwa hiyo swali la kumuuliza fundi ni sentimita ngapi, na kwa njia ipi.

Mzani utakupa jibu

Chukua mfano wa pikipiki ambayo umbali kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma ni sentimita 125. Gunia la kilo 100 limefungwa kwenye keria, na katikati ya gunia hilo iko sentimita 20 nyuma ya ekseli ya nyuma. Mahali tambarare, gunia hilo hunyanyua kilo 16 kutoka gurudumu la mbele. Hesabu yake ni kilo 100 mara 20, kisha gawanya kwa 125.

Mkono ukirefushwa kwa sentimita 15, na gunia likabaki pale pale lilipokuwa, katikati yake sasa iko sentimita 5 tu nyuma ya ekseli, na umbali wa ekseli mbili umekuwa sentimita 140. Kilo zinazonyanyuliwa mbele zinashuka kutoka 16 hadi zisizofika 4. Hiyo ndiyo faida anayoitafuta mwendeshaji.

Si lazima kukisia mzigo wako umekaa wapi. Mzani wa jukwaa, wa aina inayopimia magunia ghalani, unatosha. Weka gurudumu la mbele juu ya mzani, na chini ya gurudumu la nyuma weka ubao wenye kimo sawa na mzani ili pikipiki isimame sawa. Mwendeshaji akae kama anavyokaa safarini na kuinua miguu, huku mtu mwingine akiishika pikipiki isianguke bila kuikandamiza. Soma mzani. Kisha funga mzigo wa kawaida na usome tena.

Ikiwa mzani unasoma zaidi baada ya kufunga mzigo, mzigo uko mbele ya ekseli ya nyuma na kwenye tambarare hauna shida. Ukisoma pungufu, mzigo uko nyuma ya ekseli. Chukua kilo zilizopungua, zidisha kwa umbali wa ekseli mbili, kisha gawanya kwa kilo za mzigo. Jibu ni sentimita ambazo mzigo umepita nyuma. Hizo ndizo sentimita zinazohitaji kurekebishwa, ama kwa kusogeza mzigo mbele au kwa kurudisha ekseli nyuma.

Kosa linalofuta faida

Hapa ndipo pesa nyingi hupotea. Baada ya kurefusha mkono, mwenye pikipiki huona nafasi imeongezeka, naye huagiza keria ndefu zaidi. Keria ikirudi nyuma kwa sentimita zile zile 15, gunia nalo linarudi. Katikati yake iko tena sentimita 20 nyuma ya ekseli, na faida karibu yote imetoweka.

Keria inapaswa kubaki pale ilipokuwa. Vilevile, mkono mrefu hauongezi uzito ambao pikipiki inaruhusiwa kubeba. Spoku, bearingi, tairi, shokapu na breki ni zile zile za kiwandani. Uzito wa juu uliotajwa kwenye kitabu cha pikipiki, ambao humhesabu hata mwendeshaji, unabaki ulivyo.

Kimo cha mzigo mlimani

Kwenye kilima, kimo cha mzigo nacho huingia kwenye hesabu. Mwinuko unaopanda mita 1 kwa kila mita 4 za kwenda mbele hufanya mzigo ulioko sentimita 80 kutoka ardhini uwe kama umesogea sentimita 20 nyuma. Mzigo ule ule ukishushwa hadi sentimita 40, athari hiyo hupungua hadi sentimita 10.

Kwa maneno mengine, kwenye mwinuko wa namna hiyo, kushusha mzigo kwa sentimita 40 kunausaidia sawa na kuusogeza mbele sentimita 10. Matenga mawili yaliyofungwa ubavuni, kulia na kushoto, hufanya kazi hiyo bila kukata chuma. Kwa machungwa, nazi na mihogo, hii ndiyo njia ya kujaribu kwanza. Kwa gunia moja zima la korosho ni vigumu zaidi, lakini gunia linaweza kulazwa mbele, karibu na mgongo wa mwendeshaji, badala ya kusimamishwa mwisho wa keria.

Mchanga na tope vina masharti yake

Sehemu kubwa ya Kibiti haina milima mirefu. Kuna mchanga mashambani, na kuna udongo mzito wa bonde la Rufiji unaogeuka tope wakati wa masika. Vilima vya Kichi na Matumbi viko upande wa kusini, baada ya kuvuka Daraja la Mkapa lililofunguliwa mwaka 2003.

Tofauti hiyo ina uzito katika kuamua, kwa sababu kila kilo inayoongezeka kwenye gurudumu la mbele imetoka kwenye gurudumu la nyuma. Gurudumu la nyuma ndilo linalosukuma. Likipungukiwa uzito kwenye tope, huzunguka palepale. Pikipiki ndefu pia hugusa tumbo kwa urahisi inapovuka tuta, na huhitaji nafasi kubwa zaidi ya kugeuka. Umbali wa ekseli ukiongezeka kutoka sentimita 125 hadi 140, mzunguko wa kona unaongezeka kwa karibu asilimia 12. Anayevusha pikipiki kwa mtumbwi kwenye mikono ya delta naye akumbuke urefu huo.

Kwa anayefanya kazi kwenye mchanga na tope, kusogeza na kushusha mzigo kunatosha mara nyingi. Kurefusha kunamfaa zaidi anayepanda vilima na mzigo kila siku, ambaye ameshaushusha na kuusogeza mbele lakini mzani bado unaonyesha upungufu. Hata huyo hahitaji zaidi ya sentimita alizozipata kwenye hesabu yake.

Wachache wenye pikipiki za magurudumu manne wachungulie chini kwanza. Nyingi za kazi ambazo kila gurudumu la nyuma hujitegemea hazina mkono huo kabisa, hivyo hakuna cha kurefusha.

Yanayobadilika pamoja na mkono

Mkono ukirefushwa, vitu vingine lazima vifuate. Mnyororo huongezeka mara mbili ya urefu ulioongezwa, kwa sababu hupita juu na chini. Kwa mnyororo ambao pingili yake ni milimita 12.7, kuongeza sentimita 15 kunahitaji pingili 24 hivi. Ni salama zaidi kununua mnyororo mmoja wenye urefu wa kutosha kuliko kuunga vipande vya umri tofauti. Fimbo ya breki ya nyuma na mkono unaozuia bamba la breki lisizunguke navyo hurefushwa.

Shokapu husahaulika zaidi. Tuseme mkono ulikuwa sentimita 45 na shokapu imefungwa sentimita 40 kutoka kwenye bushi. Mkono ukiwa sentimita 60 na shokapu ikabaki pale pale, uzito ule ule wa gurudumu utaikandamiza kwa nguvu iliyoongezeka kwa theluthi moja. Pikipiki italala nyuma na kugonga kwenye mashimo. Fundi anapaswa kusogeza mahali pa kufungia shokapu au kuweka shokapu ngumu zaidi.

Kuhusu uchomeleaji, usikubali mkono uliokatwa wima na kuungwa kichwa kwa kichwa. Kiungo kinatakiwa kukatwa kwa mshazari, kiwe na bomba jingine ndani linalopita pande zote mbili za mkato, na mabomba yawe ya chuma chenye unene usiopungua ule wa awali. Mkono wa aluminiamu unahitaji mashine na fundi wa aluminiamu.

Kabla ya kulipa, chukua futi kamba na upime kutoka bushi hadi ekseli, upande wa kulia na wa kushoto. Vipimo vikitofautiana, gurudumu limekaa upande, mnyororo utakula sproketi na pikipiki itavuta upande mmoja. Baada ya safari za kwanza, safisha kiungo na ukague kama kuna ufa. Kiungo kikikatika kwenye mteremko, gurudumu hupinda, mnyororo hukaza na mwendeshaji hana namna ya kuizuia pikipiki.

Ni vyema pia kuuliza polisi wa usalama barabarani na kampuni ya bima kabla ya kukata chuma, ili mabadiliko hayo yasije yakawa sababu ya kunyimwa fidia ajali inapotokea.

Mkulima mwenye magunia mengi na njia pana apige hesabu ya kukodi guta kwa siku moja badala ya kurefusha pikipiki kwa ajili ya msimu mmoja. Mwenye njia nyembamba ya kilima aanze na mzani, matenga na kamba imara. Sentimita zitakazobaki baada ya hapo ndizo za kumpelekea fundi.