Maabara Asilimia 93, Shambani 65

Muhogo wenye ugonjwa wa michirizi ya kahawia unaweza kukuhadaa hadi siku ya kuung'oa. Shina limenyooka, majani mengi ya kijani, ila ukikata kiazi unakuta ndani madoa makavu, magumu kama kizibo, yasiyofaa kuchemshwa wala kusagwa. Kwa mkulima wa Kasulu au Kibondo, mkoani Kigoma, ambako ugali wa muhogo ni chakula cha nyumbani, habari hiyo huja baada ya miezi mingi ya kulima na kupalilia.

Ugonjwa huu si mgeni nchini Tanzania. Mtafiti H. H. Storey aliuandika mwaka 1936 akiwa Amani, Usambara, milima ileile ambako ugonjwa mwingine wa virusi vya muhogo, batobato, ulielezwa mwaka 1894. Kwa miongo mingi wataalamu waliamini kwamba michirizi ni tatizo la pwani na mwambao wa Ziwa Nyasa, na kwamba juu ya mita 1,000 ugonjwa hauenei. Nyanda za Buha, zenye Kasulu na Kibondo, ziko juu ya kimo hicho. Kuanzia mwaka 2004 ulionekana ukienea Uganda, kisha kuzunguka Ziwa Victoria, na Burundi nako ukathibitishwa. Mwinuko haukuwa ngao tena.

Virusi vyake hubebwa na nzi weupe, wadudu wadogo wanaokaa upande wa chini wa jani, lakini nzi hawa hawavisafirishi mbali. Msafirishaji hodari ni binadamu. Muhogo haupandwi kwa punje bali kwa pingili, na pingili huombwa kwa jirani, kwa shemeji, kwa mjomba wa kijiji cha pili. Kumnyima mtu mbegu ya muhogo ni uchoyo. Basi mzigo unafungwa nyuma ya baiskeli, na ugonjwa unapanda humohumo.

Hapo ndipo maabara moja ya chuo kikuu ilipojaribu kuingia. Kundi la David Hughes wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Pennsylvania, Marekani, kupitia mradi wao wa PlantVillage, lilishirikiana na taasisi ya kimataifa ya kilimo cha tropiki, IITA, ambayo kituo chake cha Dar es Salaam kilikuwa na mtaalamu wa virusi vya muhogo, James Legg. Walipiga picha za majani katika mashamba ya Tanzania, zipatazo 2,700, wakaifundisha kompyuta kutofautisha batobato, michirizi, madoa ya kahawia na uharibifu wa utitiri. Matokeo yaliyotoka mwaka 2017 yalikuwa ya kujivunia: kompyuta ilipatia asilimia 93 ya picha ambazo haikuwahi kuziona.

Maarifa hayo yakatiwa kwenye programu ya simu iitwayo Nuru. Inazungumza Kiswahili na inafanya kazi bila mtandao, jambo ambalo mtu wa Kibondo hahitaji kuelezwa umuhimu wake. Kisha watafiti wakafanya kitu ambacho wauza programu wengi hukikwepa: waliipima shambani, na kuchapisha walichokipata. Kwa kuangalia jani moja, Nuru ilipatia asilimia 65. Maafisa ugani walipata kati ya 40 na 58, wakulima kati ya 18 na 31.

Tarakimu hizo za mwisho zisisomwe kwa dharau. Mkulima hakuulizwa habari za udongo wala za mvua; aliulizwa jina la ugonjwa kwa kutazama dalili za jani, na dalili hizo zina hila. Batobato hukunja majani machanga ya juu, kwa hiyo huonekana hata ukipita njiani. Michirizi hujitokeza zaidi kwenye majani yaliyokomaa, yale ya chini, kama umanjano unaofuata vena, huku jani lenyewe likibaki na umbo lake. Anayekagua shamba akiwa amesimama wima ataiona batobato na kuikosa michirizi. Hata kompyuta huteleza dalili zikiwa hafifu.

Marekebisho yalikuwa kuiongezea picha za kujifunzia na kuiamuru itazame majani mengi zaidi. Kwa majani sita ya mmea mmoja, usahihi ulipanda hadi kati ya asilimia 74 na 88. Kwangu hiyo ndiyo zawadi kubwa ya utafiti huu, kwa sababu kanuni ya majani mengi haihitaji simu janja. Bibi shamba anaweza kuifundisha kwenye shamba darasa, na redio inayosikika huko, kama Radio Kwizera ya Ngara, inaweza kuisema ikaeleweka: inama, tazama majani ya chini, usiishie kwenye moja. Wakati wa mavuno kata viazi vya shina unalotaka kulitolea pingili. Hata kiazi kimoja kikiwa na doa, shina hilo lisiende kwa mtu.

Kumtambulisha mtu ugonjwa bila kumpa mbegu safi ni kumwongezea huzuni tu. Jaribio lililofika mbali zaidi ya simu lilifanyika Chato na Mkuranga kuanzia mwaka 2013. Huko jamii nzima ziling'oa muhogo wao wa zamani, zikapanda pingili zilizopimwa virusi, na kamati zao wenyewe zikatunga sheria ndogo za kuzuia mbegu za kuokoteza. Ndani ya maeneo hayo ugonjwa ulirudi polepole kuliko kwenye mashamba yaliyosimama peke yake katikati ya muhogo mgonjwa.

Ukiupeleka mpango wa namna hiyo Kasulu, mkutano wa kijiji hautaanza na virusi. Utaanza na mama atakayeuliza watoto wale nini kuanzia siku ya kung'oa hadi muhogo mpya utakapokomaa, na anayetoka chuo kikuu awe na jibu hilo mfukoni kabla hajatoa simu.