Chango la Hedhi na Mizizi ya Miombo ya Katavi

Chango, ambalo wengine huliita chango la uzazi, ni jina wanalolitumia wanawake wengi wa Tanzania kwa maumivu ya chini ya kitovu yanayoandamana na hedhi, na katika mkoa wa Katavi, uliomegwa kutoka Rukwa mwaka 2012 na ambao makao yake makuu ni Mpanda, sehemu kubwa ya dawa zake za asili hutoka katika misitu ya miombo. Maumivu hayo husababishwa hasa na prostaglandini, yaani kemikali zinazotolewa na utando wa ndani wa mji wa mimba unapoanza kubomoka, ambazo hubana misuli ya kizazi kwa nguvu hata damu inayoifikia ikapungua.

Miongoni mwa miti ya miombo inayosifiwa kwa tiba hiyo ni Cassia abbreviata, ambao Wasukuma na Wanyamwezi huuita mulundalunda, na ambao mizizi na magome yake huchemshwa na maji yake kunywewa. Utomvu mwekundu wa mninga nao umehusishwa na maradhi ya damu kwa sababu ya rangi yake, ingawa kufanana kwa rangi si ushahidi wa tiba. Udhaifu mkubwa wa dawa hizi ni kipimo: nguvu ya mzizi hubadilika kwa umri wa mti, udongo na muda wa kuchemsha.

Tangawizi, inayopatikana kwa urahisi sokoni, imechunguzwa zaidi, kwa kuwa viungo vyake vikali hupunguza utengenezaji wa prostaglandini. Katika utafiti wa Iran uliochapishwa mwaka 2009, wanafunzi 150 waligawanywa katika makundi matatu, na waliomeza miligramu 250 za unga wa tangawizi mara nne kwa siku walipata nafuu isiyotofautiana na ya waliotumia ibuprofeni au asidi ya mefenamiki. Utafiti huo ni mdogo, lakini unatia moyo.

Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002 iliunda Baraza linalosajili waganga, na ni busara kumwendea aliyesajiliwa. Mwenye ujauzito, au anayeushuku, asinywe mizizi ya chango kabisa. Naye msichana ambaye maumivu yake yanazidi mwezi hata mwezi, au damu yake ni nyingi kupita kawaida, apelekwe hospitali mapema, kwa maana uvimbe wa kizazi na maambukizi ya nyonga pia huitwa chango.