Si Kila Jasho la Mzee ni Malaria

(Mazungumzo haya yalitangazwa redioni wiki hii)

Ndugu msikilizaji, asubuhi ya mwezi Julai, wingu likiwa limeufunika mlima na watu wa Machame na Kibosho wamejikunyata ndani ya makoti, si ajabu kumwona mzee ameketi karibu na moto. Ajabu ni kumkuta mzee huyo huyo usiku ameloa jasho shati zima kama aliyetoka kulima. Au kumwona mwezi Januari, Moshi mjini, jua linawaka, naye amevaa sweta mbili na kulalamika kwamba miguu yake ni barafu.

Nyumbani watasema ni malaria. Jirani atanong'ona kwamba kuna mkono wa mtu. Na kama mkono wa mzee unatetemeka, wengine watasema ni mbege, au ni uzee tu.

Hebu tulitazame jambo hili kwa utulivu.

Upo ugonjwa uitwao Parkinson, kwa jina la daktari James Parkinson wa London aliyeueleza mwaka 1817. Katika ugonjwa huu chembechembe fulani za ubongo hufa polepole. Hizo ndizo zinazotengeneza kemikali iitwayo dopamini, inayousaidia ubongo kuuongoza mwili. Dopamini ikipungua, mkono hutetemeka hata ukiwa umetulia mapajani, viungo hukakamaa, hatua hufupika na sauti hufifia.

Hayo ndiyo yanayoonekana. Lakini ugonjwa huu hugusa pia mishipa ya fahamu inayofanya kazi bila sisi kuiamuru: ile inayotoa jasho, na ile inayobana na kupanua mishipa midogo ya damu chini ya ngozi. Mwili wenye afya ni kama mama mwenye nyumba ajuaye saa ya kufungua dirisha na saa ya kulifunga. Mishipa hiyo ikiharibika, dirisha hufunguliwa usiku wa baridi na kufungwa saa sita mchana.

Tusidhani haya ni maradhi ya Wazungu. Utafiti wa nyumba kwa nyumba uliofanyika wilayani Hai, na kuchapishwa mwaka 2008, ulihusu watu zaidi ya 161,000. Walipatikana wagonjwa 33, na zaidi ya robo tatu yao hawakuwa wamewahi kuambiwa ugonjwa wao ni nini.

Sasa, tufanye nini? Kwanza, kipimajoto ni rafiki. Mzee akisema anaungua au anaganda, mpimeni. Homa ikiwapo, apelekwe kupimwa damu upesi, kwani mwenye Parkinson naye huugua malaria. Lakini kummezesha dawa za malaria kila anapotoka jasho, bila kipimo, ni kumtesa bure na kuficha ugonjwa wenyewe.

Pili, baadhi ya wagonjwa huchelewa kutambua joto ngozini. Kwa hiyo maji ya kuoga yajaribiwe na mtu mwingine, na mzee asiachwe peke yake karibu na mafiga.

Tatu ni dawa. Anayetumia levodopa anaweza kutokwa na jasho jingi pale kidonge kinapoisha nguvu, kabla ya kumeza kingine. Andikeni saa ya kidonge na saa ya jasho, kisha mwonyesheni daktari. Karatasi hiyo itamsaidia sana. Zipo pia dawa za kutuliza mtetemo, kama benzheksoli, ambazo hupunguza jasho. Anayezitumia asikae juani muda mrefu, maana mwili wake hauwezi kujipoza vizuri.

La mwisho ndilo zito kuliko yote. Dawa hizi zisikatishwe ghafla, ama kwa sababu zimekwisha dukani, ama kwa sababu mzee ameonekana kupata nafuu. Kuzikatisha ghafla kunaweza kuleta homa kali, mwili kukakamaa na hata kifo. Kwa hiyo vidonge vinapobaki vya wiki moja, anayeshuka mjini aondoke na cheti mfukoni, asingoje kopo liwe tupu.

Mzee akisema anasikia baridi wakati wewe unatoka jasho, usimcheke wala usimbishie. Ngozi ni yake. Mpe blanketi, mpime joto, kisha mpeleke hospitali.

Hadi wiki ijayo, kwaherini.